Neno "bado" na mwenzetu tuliyemtoa kwenye kundi

Wanachama wenzetu wanajua yaliyotokea kwenye kundi letu la WhatsApp muhula uliopita, lakini walimu wetu pengine hawajui, kwa hiyo tuanzie hapo. Alhamisi moja kikao chetu cha kusoma kilijadili uliberali, ile falsafa ya siasa inayotanguliza uhuru na haki za mtu mmoja mmoja mbele ya nguvu za dola. Usiku mjadala ukahamia kwenye kundi. Mwenzetu mmoja akaandika kwamba serikali za kwanza za Afrika Mashariki baada ya ukoloni zilikuwa na haki ya kuwaweka wapinzani kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, kwa kuwa taifa changa haliwezi kuvumilia kila mbishi. Majibu yalikuwa makali. Haijafika saa sita usiku, alikuwa ameshatolewa kwenye kundi, na wengi wetu tukabonyeza kidole gumba kuunga mkono. Sisi tunaoandika hapa tulikuwa miongoni mwao.

Yaani watu waliojiita wapenda uhuru walimnyamazisha mtu kwa kosa la kutetea kunyamazisha watu.

Kitabu tulichokuwa tukikisoma ni On Liberty cha John Stuart Mill, kilichotoka mwaka 1859. Kabla yake, mwishoni mwa karne ya 17, John Locke alikuwa amekwisha kusema kwamba serikali hupata mamlaka yake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, na kwamba ipo ili kulinda maisha yao, uhuru wao na mali zao. Locke alimwogopa mfalme. Mill alimwogopa jirani. Aliona kwamba hata pale ambapo watu wanajichagulia serikali, maoni ya wengi yanaweza kumbana mtu kuliko sheria, maana sheria ina mipaka yake lakini macho ya watu yanamfuata mtu hadi nyumbani. Ndipo akaweka kanuni yake: sababu pekee inayohalalisha kumlazimisha mtu ni kumzuia asiwadhuru wengine. Kusema "ni kwa faida yake mwenyewe" hakutoshi.

Kuhusu maoni, hoja yake inaeleweka upesi. Maoni yanayozimwa huenda ni ya kweli. Huenda yana kipande cha ukweli ambacho sisi hatuna. Na hata yakiwa uongo mtupu, ukweli usiopingwa na mtu hugeuka kuwa kitu cha kukariri. Hii ya mwisho ilituuma. Wiki iliyofuata tulipoulizana tungemjibu nini yule mwenzetu, hakuna aliyekuwa na neno zaidi ya "ni ukiukaji wa haki za binadamu."

Kuna wanachama wanaosema Mill asisomwe kabisa, na hoja wanayo. Tangu 1823 hadi 1858 alikuwa mwajiriwa wa Kampuni ya Uhindi Mashariki, ofisi zake zikiwa mtaa wa Leadenhall, pale liliposimama leo jengo la Lloyd's, safari ya basi moja tu kutoka tunapokutana. Katika utangulizi wa kitabu kile kile anasema kanuni yake haiwahusu watoto, wala jamii alizoziona ziko nyuma. Kwa hao utawala wa kiimla unafaa, mradi nia ni kuwaendeleza. Locke naye alikuwa na hisa katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika iliyofanya biashara ya watumwa. Hatuna haja ya kuwasafisha. Lakini Mill huyo huyo aliongoza kamati iliyotaka gavana wa Jamaika, Edward Eyre, ashtakiwe baada ya watu zaidi ya 400 kuuawa mwaka 1865, na mwaka 1867 alisimama bungeni kudai wanawake wapewe kura. Waliomuunga mkono walikuwa 73, alishindwa.

Tunachopinga sisi ni lile neno dogo ambalo ubaguzi wake umejificha ndani yake: bado. Watu hawa bado. Wakikua watapewa.

Magavana wa kikoloni walilitumia sana. Katika hali ya hatari ya Kenya, 1952 hadi 1960, makumi ya maelfu waliwekwa kizuizini bila kesi. Kisha bendera zikabadilika. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, na mwaka uliofuata Bunge lake likapitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila mashtaka. Mwalimu Nyerere alikuwa amemsoma Mill. Alipokuwa mwanafunzi Makerere aliandika kuhusu uhuru wa wanawake akitumia fikra za Mill kutazama hali ya wanawake wa kwao Uzanaki. Hata hivyo sura ya haki za raia haikuingizwa katika katiba wakati wa uhuru, kwa maelezo kwamba ingeifunga mikono serikali changa. Iliingia mwaka 1984. "Bado" ile ilidumu miaka 23. Kenya nako, Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais, aliwekwa kizuizini mwaka 1969.

Basi jibu letu kwa mwenzetu, tulilopaswa kumpa usiku ule, ni hili: hoja yako aliitumia gavana kabla yako. Nani ataamua kwamba taifa limeshakua? Siku zote ni yule aliyeshika funguo, na huyo hana haraka.

Tumechelewa kujua kwamba na yeye alikuwa na jambo la kutufundisha. Mmoja wetu alipokutana naye maktaba, alimkumbusha maasi ya wanajeshi wa Tanganyika ya Januari 1964, serikali ilipokuwa karibu kuanguka. Hatari ilikuwepo kweli, wala hakuna kati yetu aliyeitaja. Hilo halihalalishi sheria iliyopitishwa miaka miwili kabla, lakini ni kipande cha ukweli ambacho hatukuwa nacho.

Kuna watakaosema kundi lina kanuni zake. Ndiyo, na mtu akitukana atolewe. Mill mwenyewe alisema mtu yuko huru kuandika gazetini kwamba wauza nafaka wanawaua maskini kwa njaa, lakini anaweza kuadhibiwa akiyasema hayo mbele ya umati wenye hasira uliokusanyika mlangoni kwa muuza nafaka. Mwenzetu hakumtukana mtu, na hapakuwa na mlango wala umati, isipokuwa sisi.

Tumeiomba kamati imrudishe kwenye kundi, nayo imekubali. Tumemwandikia pia kumwomba radhi na kumwalika afungue kikao kijacho kwa kutetea hoja yake mwanzo hadi mwisho, bila kukatizwa. Hajajibu. Kikao ni Alhamisi, chumba kile kile, na tunaanza na sura ya pili.