Waumini wa Daftari Nchini Uswidi

Mwaka 1972 watu wapatao 95 katika kila 100 nchini Uswidi walikuwa wameandikwa katika daftari la Kanisa la Kilutheri la nchi hiyo. Leo imebaki kama nusu yao, na kila zitangazwapo hesabu mpya, wengine huomboleza kwamba imani imekufa, ilhali wengine hushangilia kwamba akili imeshinda. Naona wote wamekosea, maana daftari lile halikupata kupima imani.

Hadi 1951 sheria haikumruhusu Mswidi kutoka katika Kanisa ila kwa sharti la kujiunga na madhehebu mengine yaliyotambuliwa na dola, na hadi 1996 mtoto wa mwanachama alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa kwake, abatizwe asibatizwe. Aliyeandikwa kabla hajajua kusema hakuulizwa itikadi yake, na aghalabu hata ukubwani hakutokea wa kumwuliza. Kanisa na dola walitengana mwaka 2000, walakini talaka yenyewe haikutimia: ofisi ya kodi ya serikali ndiyo ikusanyayo hata leo mchango wa Kanisa, upatao asilimia 1 ya mapato, nao huonekana katika karatasi ya kodi kama mstari mmoja miongoni mwa mistari mingine. Yamkini mstari huo umewatoa watu wengi kuliko hoja zote za wakanao Mungu, kwani atakaye kutoka hujaza fomu fupi, akaitia sahihi, na akiwahi kabla ya tarehe 1 Novemba, mwaka ufuatao halipi.

Ada ya mazishi, hata hivyo, humfuata huko huko aendako. Kila mlipa kodi huitoa, Mkristo, Mwislamu na asiye na dini, kwa kuwa makaburi ya umma, isipokuwa katika Stockholm na Tranås, yamo mikononi mwa Kanisa. Na dola ijiitayo isiyo na dini haioni ajabu kuliachia Kanisa wafu wake.

Waliobaki nao wana sababu zao: kwaya, ubatizo wa mjukuu, jengo walimozikiwa wazee wao. Agosti 2025, kanisa la mbao la Kiruna lilipohamishwa zima zima juu ya magurudumu, mwendo wa kilometa 5 hivi, kwa ajili ya mgodi uliochimbwa chini ya mji, umati ulijipanga barabarani na Mfalme mwenyewe akahudhuria. Ni wangapi kati yao huonekana humo Jumapili isiyo na sherehe?

Nasi wa huku Tanzania, ambao Walutheri wetu wa Bukoba walipata kuwa na askofu Mswidi, Bengt Sundkler, hata Josiah Kibira alipompokea uaskofu mwaka 1964, tusiharakishe kujisifu kwa wingi wetu kabla hatujauliza madaftari yetu hujazwaje.

Lingekuwa shauri langu, ofisi ya kodi ingeacha kazi ya kulikusanyia Kanisa mchango. Makanisa ya kale hayangebomoka kwa hilo, maana dola huchangia utunzaji wake. Na mchango wa Kanisa ungeletwa na mwenye kutaka, kwa mkono wake.