Kyaka, fundo dogo la duara kubwa

Msimu wa senene ukiingia, mitego ya Bukoba huwashwa taa kali usiku kucha. Senene hufuata mwanga, hujigonga kwenye mabati na kuteleza hadi ndani ya mapipa. Umeme ukikatika, usiku wa mtegaji umekwisha. Na umeme huo, uwe wa mtegoni au wa sebuleni kule Miembeni, kwa miaka mingi umekuwa ukinunuliwa Uganda na kufika kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi kituo cha kupoza umeme cha Kyaka, wilayani Missenyi.

Kwa hiyo taa za Bukoba zimezoea mdundo wa mitambo ya Jinja, Uganda. Wa Nairobi pia, maana Uganda na Kenya zimeunganishwa tangu miaka ya 1950. Mitambo ya mtandao huo, ya maji ya Nile na ya mvuke wa Olkaria, huenda sambamba, mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde. Haishikwi na mkono mmoja. Mtambo ukitangulia kidogo hujikuta umebeba mzigo zaidi, nao hupunguza mwendo. Ukichelewa, wenzake huuvuta.

Kushikana huko kuna bei yake. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, Kenya, akaangukia transfoma. Mashine nyingine za kituo hicho zikaelemewa na kujizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mpigo, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika.

Sasa Kagera inajengewa njia ya kilovolti 220 kutoka Benaco hadi Kyaka, ili ipate umeme wa gridi ya taifa, gridi yenye Bwawa la Julius Nyerere na mitambo yake tisa ya megawati 235 kila mmoja. Ni jambo lililosubiriwa mno. Lakini tazama ramani. Tangu Desemba 2024 Tanzania na Kenya zinashikana kwa njia ya kilovolti 400 kati ya Singida na Isinya. Gridi ya taifa ikikutana na njia ya Masaka pale Kyaka, duara la nyaya litakuwa limelizunguka Ziwa Victoria.

Wapo watakaoona njia ya Masaka imemaliza kazi yake na inaweza kukatwa. Litakuwa kosa, maana upande mmoja ukianguka Bukoba itahitaji ule mwingine. Mwaka 2011 watafiti Liu, Slotine na Barabási walionyesha katika jarida la Nature kwamba vifundo vinavyouongoza mtandao mara nyingi si vile vyenye viungo vingi. Kyaka ni kituo kidogo, lakini kinastahili vifaa na mafundi wa kituo kikubwa: vifaa vya kuoanisha volti na mdundo wa pande mbili kabla swichi haijafungwa, na vya kutenganisha upande ulioanguka ndani ya sehemu ya sekunde, Bukoba ikabaki na ule mwingine.

Upo pia mradi wa Kakono, megawati 87.8 kwenye Mto Kagera. Shirika la umeme, TANESCO, lihakikishe mapema kwamba mitambo hiyo itaweza kujiwasha yenyewe na kuulisha mkoa peke yake gridi ikizimika. Kuongeza uwezo huo baada ya zege kukauka ni ghali zaidi, na mtegaji wa senene hawezi kungoja Dodoma iwake kwanza.