Motokari ikikosa nguvu mlimani



Juma hili sitaongea juu ya madaftari ya watoto. Nitaongea juu ya motokari, sababu kidogo tu itumalizie pesa yote ya likelemba.

Mnaijua kamioneti yetu ya zamani, ile inayotuletea mahindi kutoka njia ya Kaniama. Mwezi uliopita ilibeba mifuko 12 na wamama wanne. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Ilipofika mlimani, dereva alikanyaga gazi na mota ikaanza kukohoa. Mwendo ukapungua badala ya kuongezeka. Wamama walishuka wakapanda mlima kwa miguu, mmoja na mtoto mgongoni. Walifika Kamina saa nne ya usiku.

Kesho yake fundi mmoja alisikiliza mota kwa dakika mbili tu, akasema: "Wamama, mota hii imekwisha. Dolari 600." Ndani ya sanduku tulikuwa na 640, na kati yake kulikuwa pesa ya shule ya watoto wetu. Mama Prezida akaniangalia: "Madamu, wewe unafundisha hesabu. Unasema nini?"

Nikamjibu: "Mama, mtoto akikosa hesabu hatumfukuzi shuleni. Kwanza tunatafuta ni wapi alipokosea."

Tukaita fundi wa pili, mzee mwenye subira. Alitufundisha mambo haya akiwa anafanya kazi, nami ninawaandikia.

Mota ya esansi inaomba vitu vitatu: hewa, esansi na moto wa buji. Ikitembea vizuri polepole lakini inashindwa mlimani, mara nyingi kimoja kati ya hivyo hakitoshi. Anzeni na kile cha bei ndogo.

Hewa. Ombeni fundi atoe filtri ya hewa. Iinueni mbele ya jua. Kama mwangaza haupiti, hewa nayo haipiti. Wakati wa kiangazi, kwa vumbi letu hili, inajaa haraka. Lakini msitembee bila filtri: vumbi likiingia linakula mota.

Esansi. Filtri ya esansi ikiziba, mota inapata kidogo tu. Kidogo hicho kinatosha kwenye tambarare, ila mlimani hakitoshi. Pompi ikichoka inafanya vilevile. Tena, esansi ya kadafi inaweza kuwa na maji. Mimineni kidogo ndani ya chupa nyeupe na mwiache itulie: maji ni mazito kuliko esansi, yatashuka chini na mtayaona. Kitambaa kinazuia uchafu, hakizuii maji. Fanyeni hivyo mbali na mbabula na sigara, na watoto wasikaribie.

Buji. Mdomo wake ukiwa wa rangi ya kahawia kidogo, ni vizuri. Ukiwa mweusi wa masizi, esansi ni nyingi kuliko hewa. Ukilowa mafuta ya mota, hapo kuna shida kubwa zaidi.

Kisha angalieni nje ya mota. Gurudumu moja likiwa la moto sana kuliko mengine, pengine freni imeshika. Mota ikipiga kelele nyingi lakini motokari haiongezi mwendo, ni ambreyaji inayoteleza.

Moshi nao unasema. Mweusi: esansi nyingi au hewa kidogo. Wa buluu: mota inachoma mafuta yake. Mweupe usiokwisha, na maji ya radiateri yanapungua: simamisheni motokari, msiendelee na safari.

Ni baada ya hayo yote ndipo tunaongea juu ya mota yenyewe. Na hapo pia fundi asibahatishe. Kuna kipimo cha kompresio kinachofungwa mahali pa buji. Mota haihukumiwi kwa masikio peke yake.

Sisi tulikuta nini? Filtri ya hewa ilikuwa nyekundu kama udongo wa njia, na ile ya esansi ilikuwa imeziba kabisa. Chini ya tangi kulikuwa maji na uchafu. Kusafisha na kununua filtri mbili kulitugharimu dolari 35. Juma lililofuata kamioneti ilipanda mlima ule ule na mifuko ile ile, na wamama wote wakiwa ndani. Pesa ya shule imebaki mahali pake.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo matatu kwenye kikundi. Fundi atuonyeshe kifaa alichotoa kabla ya kulipwa. Kila kazi iandikwe kwenye kayee, pamoja na tarehe na bei. Na kazi kubwa isikubaliwe mpaka fundi wa pili ameangalia.

Dereva anajua kuendesha, lakini pesa ni yetu. Kuuliza si aibu, wamama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza uangalie kama ukuta umeanguka kweli.

Tuonane juma lijalo.