Sola mpya na masika ya Pemba

Kwenye kundi letu la WhatsApp la Brooklyn Park kuna swali limezunguka tangu majira ya joto. Dada mmoja amejikusanyia pesa za kumwekea mama yake sola kule Chake Chake. Mwanawe, anayesomea uhandisi hapa Minneapolis, akamwambia: "Mama, ngoja kwanza. Kuna sola za perovskaiti zinakuja, bibi tutampelekea hizo." Je, angoje?

Kijana hakukosea kuzisifu. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka huko Japani lilitumia perovskaiti kugeuza asilimia 3.8 ya mwanga kuwa umeme. Leo seli ndogo za maabara zimepita asilimia 26, zinakaribiana na silikoni ambayo imefanyiwa kazi tangu miaka ya 1950. Tena silikoni huyeyushwa kwa joto la nyuzi zaidi ya 1,400, wakati perovskaiti unaweza kuipaka kwenye kioo kama wino.

Shida ni kwamba perovskaiti hizi ni chumvi. Aliyelelewa pwani anaijua chumvi wakati wa masika: inalowa, inashikana, mpaka utie punje za mchele ndani ya chupa. Seli hizi nazo huvuta maji ya hewani. Zile za mwanzo zilikuwa na risasi, iodini na methilamonia. Unyevu ukipenya, methilamonia inajitenga na kutoroka, inabaki chumvi ya risasi na iodini, ya rangi ya manjano. Seli iliyokuwa nyeusi ukiiona imegeuka njano, umeme hakuna tena. Na risasi ile huweza kuyeyuka kidogo kidogo kwenye maji. Nyumbani wangapi tunakinga maji ya mvua kutoka bati hilohilo la paa? Mimi hili ndilo linalonisumbua kuliko umeme wenyewe.

Watafiti hawajakaa bure. Wengi wameiacha methilamonia na kutumia fomamidini na sesiamu, ambazo haziachii upesi. Wengine wanaweka juu utando wa molekuli ndefu zenye tabia ya mafuta, maji yakifika yanateleza kama kwenye ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi. Kisha seli inafungwa katikati ya vioo viwili, pembezoni ikazibwa kwa mpira wa butili. Kuzuia mvuke ni kazi inayojulikana hata mjini kwetu: kampuni ya 3M, pale Maplewood jirani na Saint Paul, ilitengeneza utando angavu wa kukinga paneli nyembamba zisiingiwe na unyevu. Wala tusidhani Minnesota ni theluji tu. Tarehe 19 Julai 2011 kiwango cha umande hapa kilifika nyuzi 82 za Farenhaiti. Wapemba wenyewe wangelalamika.

Jaribio linalotumika ni saa 1,000 kwenye joto la nyuzi 85 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 85. Hizo ni siku 41 na ushee. Ila hufanywa gizani, na perovskaiti huchoshwa zaidi na jua na joto vikija pamoja. Kufaulu jaribio hilo si sawa na kukaa miaka 25 juu ya paa.

Septemba 2024 kampuni ya Oxford PV ilitangaza kupeleka paneli zake za kwanza za biashara, perovskaiti juu ya silikoni, kwa mteja wa Marekani. Zilikuwa za mtambo mkubwa, wenye mafundi wa kuzipima.

Kwa hiyo dada, usingoje. Nunua silikoni yenye cheti cha kuhimili ukungu wa chumvi ya bahari, na pesa itakayobaki itie kwenye betri nzuri. Ukiuziwa "perovskaiti" rahisi mtandaoni, dai cheti cha jaribio la unyevu na dhamana ya maandishi. Na wewe kijana, kama unatafuta mada ya utafiti, andika pendekezo la kuziacha seli chache, zilizozibwa vizuri, juu ya paa la bibi kwa masika mawili, na chini yake uweke chombo cha kukinga maji ili upime risasi.