Jambazi mwenye suti nzuri



Juma lililopita tuliongea juu ya filamu za majambazi ambazo watoto wetu wanatazama kwenye simu. Mama mmoja akatutuliza: mwisho jambazi anakamatwa, basi mtoto anapata fundisho. Tulikubali haraka mno. Maneno hayo ni ya zamani; huko Marekani yaliuza vitabu vya picha kwa miaka 13.

Kitabu chenyewe kiliitwa Crime Does Not Pay, maana yake uhalifu haulipi. Kilianza 1942, bei senti 10, pesa ambayo hata mtoto aliipata. Kwenye jalada neno la uhalifu liliandikwa kwa herufi kubwa sana. Yale ya kuonya yalikaa chini, madogo. Ndani, kurasa karibu zote zilikuwa za jambazi: suti, gari, pesa, bunduki. Polisi walifika mwishoni, picha chache tu, hadithi imekwisha. Wanawake walichorwa wakipigwa, wakiuawa, au wakiwa pembeni ya jambazi. Mama wa marehemu hakupewa nafasi ya kulia.

Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham aliandika kwamba vitabu hivi vinaharibu watoto, na Baraza la Seneti likasikiliza jambo hilo. (Daktari naye alizidisha. Miaka mingi baadaye mtafiti Carol Tilley alipitia karatasi zake, akakuta amegeuza maneno ya watoto.) Wachapishaji waliogopa, wakajiwekea sheria: mhalifu asichorwe hata msomaji amhurumie, na neno uhalifu lisizidi mengine kwa ukubwa kwenye jalada. Mwaka 1955 kitabu kikafungwa.

Mmoja wa wahariri wake wawili alikuwa Bob Wood. Kwa miaka aliwafundisha watoto kwamba uhalifu haulipi. Mwaka 1958 alimuua mwanamke aliyekuwa naye katika hoteli ya New York.

Hatusemi simu zitupwe. Sisi wenyewe tunazitazama filamu hizo, tusidanganyane. Lakini juma hili tulikaa na watoto, na filamu ilipokwisha tukawauliza: yule mama aliyeibiwa duka lake, kesho yake alilisha watoto wake nini? Walitazamana. Mdogo wao akajibu kwamba hajui, kwa sababu hawakumwonyesha tena.