Tumlipe Fundi Apimaye

Gari lipandapo kutoka daraja la Nyabarongo, likapita Gahanga na kuelekea Nyanza ya Kicukiro jijini Kigali, injini hufanya kazi ya taabu, na dereva hana shahidi wa hali yake ila mshale wa joto ulio kwenye dashibodi. Basi shahidi huyo asiposema kweli, injini huweza kuungua bila ya mwenyewe kuonywa. Hata hivyo imekuwa ada katika gereji nyingi kwamba geji ikikosea, hukumu hupitishwa juu ya geji yenyewe: hung'olewa, ikanunuliwa nyingine iliyokwisha tumika, ikafungwa, na kosa likabaki lile lile. Ada hii ni batili, na sisi wenye magari tunashiriki lawama yake.

Kosa huweza kuwa katika njia ya umeme, wala si katika geji. Umeme wa gari hutoka kwenye betri kwa waya, lakini aghalabu hurudi kwa kupitia chuma cha injini na bati la bodi, hata ufike kwenye ncha hasi ya betri. Na maadamu injini imekalishwa juu ya mipira ili mtikisiko wake usiwafikie abiria, hapana budi pawe na waya mnene wa ethi wa kuiunganisha na bodi. Unyevu wa mvua za Machi hadi Mei ukipenya chini ya boliti na kuzusha kutu, au mpaka rangi akifunika mahali palipotaka chuma kitupu, njia hiyo ya kurudi hudhoofika. Ukinzani wa omu 0.05 waonekana si kitu, ilhali ampea 10 zikipita hapo hupotea volti 0.5, kwa kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827. Na katika magari ya zamani ambayo sensa ya joto ina waya mmoja tu, na ukinzani wake hupungua kadiri joto lizidivyo, ukinzani wa kutu hujumlishwa na wa sensa, mshale ukaonyesha ubaridi hali maji ya rejeta yanachemka.

Dalili za ila hiyo si za siri. Geji mbili zikikosea kwa pamoja, au mshale ukiruka taa kubwa ziwashwapo, yafaa ichunguzwe kwanza njia ya kurudi. Fundi aweke ncha moja ya mita ya volti kwenye ncha hasi ya betri, na ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenziwe apige stata. Ikizidi kiasi cha volti 0.2, pana ila. Apime vivyo hivyo kwenye bodi, taa zikiwa zinawaka. Kupima omu gari likiwa limezimwa huhadaa, kwani waya uliobakiwa na nyuzi chache huonekana mzima mpaka utwishwe mzigo. Dawa yenyewe ni kutenga betri, kufungua boliti, kusugua kwa msasa hata chuma king'ae, kukaza barabara na kupaka grisi. Insafu yataka niseme pia kwamba geji moja peke yake ikikosea, huenda ila ikawa katika sensa yake au waya wake. Lakini hilo nalo hujulikana kwa kupima.

Kwa nini basi vipimo hivi hupuuzwa? Kwa sababu sisi hulipa kwa moyo mkunjufu kitu kipya tukionacho kwa macho, na fundi aliyetafuta kwa saa nzima akasafisha boliti moja, tukamwambia kwamba hakufanya kazi. Hivyo tumemfundisha kwamba riziki yake imo katika kuuza geji. Atakayehofu kutozwa ujira wa uchunguzi usiofanyika, na aombe kuonyeshwa namba za mita kabla ya matengenezo na baada yake. Hizo ni ithibati tosha.

Hapa Kicukiro tuna chuo kilichojulikana kwa jina la IPRC Kigali, wanakofundishwa vijana ufundi wa magari, na elimu yao haitaleta manufaa ikiwa sokoni watakuta wateja wasiothamini kupima. Ewe mwenye gari, geji yako ikianza kuyumba, usiulize kwanza bei ya geji nyingine: uliza ethi imepimwa volti ngapi, na umlipe haki yake yule aliyekupa jawabu.