Kisangani: serikali ihesabu kompyuta kwanza, kisha inunue leseni

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kurekebisha Windows 10 kama kawaida. Kompyuta yenye programu hiyo ingali inawaka, lakini kila siku inakuwa rahisi zaidi kuingiliwa na wezi wa data. Kwa ofisi za serikali, Kisangani na kwingineko, swali ni moja: programu mpya zitalipwaje?

Kununua leseni za ofisi zote kwa mara moja kuna faida. Mnunuzi wa nyingi anaweza kushusha bei, na wafanyakazi wanaachana na nakala za wizi zinazoleta virusi. Lakini leseni si meza wala kiti. Nyingi siku hizi zinalipiwa kila mwaka, kwa kila mtumiaji, tena kwa dola. Katiba inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na magavana wamelalamika mara nyingi kwamba pesa hizo hazifiki zote. Mwaka ambao hazikufika, nani atalipia leseni za Tshopo?

Kwa hiyo hesabu itangulie. Mji una komine sita, moja yao ni Lubunga, ng'ambo ya mto. Kila ofisi ionyeshe kompyuta zinazofanya kazi na saa zinazopata umeme. Leseni ya mashine isiyowaka ni pesa ya raia iliyotupwa.

Sheria nambari 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya masoko ya serikali inahusu majimbo pia. Kanuni yake ni zabuni ya wazi. Mapatano ya gré à gré ni ya nadra. Zabuni inayotaja jina la kampuni moja tangu mwanzo si zabuni.

Tena kuna njia nyingine. Jandarmeri ya Ufaransa ilihamisha makumi ya maelfu ya kompyuta zake kwenye programu huria, zisizolipiwa leseni. Tanzania ilijitengenezea NeST, mfumo wake wa manunuzi ya umma, ulioanza mwaka 2023. Programu huria nazo zinataka mafundi na mafunzo, lakini pesa hiyo inaweza kubaki hapa, kwa vijana wanaosoma kompyuta Kisangani.

Kabla ya kupitisha pesa yoyote ya leseni, wabunge wa jimbo wanapashwa kuuliza mambo matatu: ni za kompyuta ngapi, kwa miaka mingapi, na zikiisha, ofisi itabaki na nini?